Saa ya Kungoja na Dhamana Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Katika mambo yaliyozuka zama hizi, na ambayo watu wengi wameingia ndani yake kabla ya kuuliza hukumu yake, ni kazi ya kuchukua abiria kwa ujira katika gari la mtu mwenyewe kwa kuitwa kwa simu. Mtu ana gari lake la kwendea kazini na kupelekea watoto chuoni. Akatia katika simu yake programu ya kampuni. Na kila apatapo nafasi huiwasha, akaitwa na mtu asiyemjua, akamchukua mpaka aendako, na ujira ukagawanywa baina yake na kampuni. Kazi hii ilianzia mji wa San Francisco huko Marekani. Kampuni ya Uber iliundwa mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 magari ya watu binafsi yakaanza kuchukua abiria mjini humo kwa njia hii. Mwezi wa Januari 2015 kampuni hiyo ikafika Nairobi, na mwaka 2016 ikafika Mombasa na Dar es Salaam. Wako na wengine ambao hawachukui watu, bali huchukua vyakula na vifurushi kwa gari au kwa pikipiki. Nao hukumu yao ni moja.

Kazi yenyewe ni halali, wala hapana aibu katika kuitafuta riziki kwa usukani, kama vile haikuwa aibu kwa wazee kuitafuta kwa tanga na kwa punda. Lakini ndani yake mna masuala ambayo watu huyapita mbio. Gari ni moja, na dereva ni mmoja, na njia ni ile ile. Lakini bima ni mbili. Iko bima ya gari la nyumbani, na iko bima ya gari la ujira. Basi gari la nyumbani likifanya kazi ya ujira, na hati yake ya bima ikawa ni ya nyumbani, kisha likamgonga mtu, ni nani atakayechukua dhamana ya mtu yule? Na ikiwa kila mmoja atasema si mimi, je, dhambi ya neno hilo iko juu ya nani?

KWANZA: MAANA YA BIMA HII

Watu wengi hudhani ya kuwa bima ya gari ni mali ya mwenye gari, ameinunua kwa ajili ya nafsi yake. Dhana hii si sawa. Serikali zilipowalazimisha watu kuwa na bima ya gari hazikumtazama mwenye gari, bali zilimtazama mtu wa njiani. Jimbo la Massachusetts huko Marekani liliwalazimisha wenye magari mwaka 1927; Uingereza ikaweka sheria yake mwaka 1930; na sheria ya Kenya katika mlango huu asili yake ni ya mwaka 1945. Sababu ilikuwa moja mahali pote: magari yaliwavunja watu miguu na kuwaua, na aliyeumizwa akienda kudai, humkuta dereva hana kitu. Haki ilikuwapo katika karatasi ya hakimu, lakini mali ya kuilipa haikuwapo. Ndipo ikasemwa: asitie gari njiani mtu asiyekuwa na mdhamini.

Basi bima hii ni kama amana iliyowekwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana jina lake. Yeye hajui kuwa ameekewa, na huenda akaishi umri wake wote asiihitaji. Lakini siku atakapoihitaji, hana kitu kingine.

Ama sababu ya bima kuwa mbili, nayo ni wazi. Gari la nyumbani hutoka asubuhi, likarudi jioni, na sehemu kubwa ya mchana limesimama. Gari la ujira huzunguka saa nyingi, katika njia ambazo dereva hazijui, usiku na mchana, na jicho lake moja liko katika simu lichunguze wito. Tena ndani yake mna watu wa haki zao, si jamaa zake tu. Khatari ikizidi, na ada huzidi. Kwa hiyo mwenye bima humwuliza mtu kabla ya kumwandikia hati: gari hili walitumia kwa kazi gani? Swali hili si la adabu tu. Juu ya jawabu yake ndipo mkataba wote ulipojengwa.

PILI: JAMBO LILILOTOKEA SAN FRANCISCO

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2013, katika mji wa San Francisco, mama mmoja alikuwa akivuka njia pamoja na watoto wake wawili. Gari likawagonga. Mtoto wa kike wa miaka sita akafa, na mama yake na ndugu yake wakaumia. Dereva alikuwa ni mtu wa kuchukua abiria kwa programu ya Uber. Programu yake ilikuwa imewashwa, lakini wakati ule hakuwa na abiria ndani, wala hakuwa ameitwa na mtu. Alikuwa akingoja. Kampuni ikasema ya kuwa dereva yule hakuwa katika kazi yake wakati ule, kwani hakuwa na abiria. Na bima ya gari la nyumbani, kwa desturi yake, hukataa kuchukua dhamana ya gari linalotafuta ujira. Jamaa za mtoto wakaenda mahakamani mwezi wa Januari 2014, na mwaka uliofuata wakasuluhishwa.

Msomaji na atazame jambo hili kwa makini. Mtoto amekufa, na waliosimama mbele ya maiti yake ni watu watatu: dereva, na kampuni ya programu, na kampuni ya bima. Dereva hana mali. Kampuni ya programu inasema, hakuwa wangu saa ile. Kampuni ya bima huweza kusema, saa ile alikuwa akitafuta ujira, nami sikudhamini ujira. Kila mmoja ana hoja yake katika karatasi yake, na katikati ya karatasi hizo mbili pana nafasi tupu, na mtoto ameanguka katika nafasi hiyo.

Baada ya msiba ule watu wakaamka. Mwezi wa Machi 2014 kampuni ile ikatangaza bima ya saa ya kungoja. Mwaka ule ule jimbo la California likapitisha sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Sheria hiyo iliigawa kazi ya dereva mafungu matatu. Fungu la kwanza ni tangu kuwasha programu mpaka kukubali wito, nayo ndiyo saa ya kungoja. Fungu la pili ni tangu kukubali wito mpaka abiria kupanda. Fungu la tatu ni tangu abiria kupanda mpaka kushuka. Katika fungu la pili na la tatu, dhamana ya wanaoumizwa ikawekwa dola 1,000,000. Ama katika fungu la kwanza, ikawekwa dola 50,000 kwa mtu mmoja akifa au kuumia, na dola 100,000 kwa wote katika ajali moja, na dola 30,000 kwa mali iliyoharibika, pamoja na nyongeza ya dola 200,000 ikiwa hizo hazikutosha. Na bima ya nyumbani ikaruhusiwa kujitoa tangu programu iwashwapo.

Hivyo nafasi tupu ikazibwa, ijapokuwa kwa kitambaa chembamba kuliko mahali pengine. Lakini haikuzibwa ila baada ya kaburi la mtoto. Na kuziba kwa sheria ni kwa yule tu aliye katika mji wenye sheria hiyo. Ama mtu aliye kwengineko, yapasa aizibe kwa dini yake.

TATU: DEREVA MWENYE KUFICHA

Dereva ambaye bima yake ni ya nyumbani, naye huchukua watu kwa ujira na hakumwambia mwenye bima, amefanya makosa mawili. La kwanza, ameulizwa akajibu lisilo kweli, au ameacha jawabu ya zamani isimame hali ya kuwa imekwisha geuka. Mwenye kuuza kitu chenye aibu akaificha aibu yake, wanazuoni wote wamemhesabu kuwa ni mdanganyifu, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Basi na huyu ameficha aibu katika mkataba, na mwenzake akijua ataurudisha. La pili, nalo ni kubwa zaidi, ni kwamba siku ya kurudishwa mkataba huwa ndiyo siku ya ajali. Hapo khasara haimwangukii mwenye bima aliyedanganywa, bali yaweza kumwangukia abiria na mtu wa njiani, ambao hawakuwamo katika udanganyifu huo wala hawakuujua.

Watu wana nyudhuru tatu katika jambo hili, na kila moja yafaa ijibiwe.

Udhuru wa kwanza. Huenda mtu akasema: bima hizi za biashara wanazuoni wamezitilia shaka, kwani zina gharari na riba, basi kuihadaa kampuni kama hiyo si kosa. Jawabu yake ni hii. Ni kweli ya kuwa wanazuoni wamezizungumza tangu zamani. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumza bima ya merikebu ambayo wafanya biashara wa zama zake walikuwa wakiitumia, wala hakumhalalishia mfanya biashara kuchukua fidia yake. Na mwaka 1985 baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah likaamua ya kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharari yenye kuuharibu mkataba, na kwamba badala yake iliyo halali ni bima ya kusaidiana. Lakini hapana hata mmoja katika hao aliyesema ya kuwa uwongo ni halali ndani yake. Mwenye kuona ni haramu, ajizuie isipokuwa kwa kadiri anayolazimishwa na serikali. Na mwenye kuingia, na aingie kwa ukweli. Ama kuingia, kisha kudanganya, kisha kujitetea kwa uharamu wa kitu alichokiingia, hiyo ni kuifanya dini pazia.

Udhuru wa pili. Huenda mtu akasema: mimi ni maskini, na bima ya ujira ni ghali, nikiilipa sipati cha kuwalisha watoto. Udhuru huu si wa kuchekwa, kwani ni wa kweli kwa wengi. Lakini wanazuoni wa fiqhi wamekwisha weka kanuni katika mlango wa dharura: dharura humwondolea mtu dhambi, wala haiondoi haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa anayechelea kufa, akila chakula cha mtu bila ya idhini, hapati dhambi, lakini juu yake iko thamani ya chakula. Na kanuni nyingine ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Umaskini wa dereva ni madhara. Lakini akiuondoa kwa kumwacha mpita njia bila ya mdhamini, hakuuondoa, ameuhamisha tu. Na huyo aliyehamishiwa mara nyingi naye ni maskini, huenda kwa miguu kwa kuwa hana gari.

Udhuru wa tatu. Huenda mtu akasema: mimi si dereva wa kazi, nafanya jioni mbili katika juma. Jawabu yake ni kwamba ajali haihesabu majuma. Mwenye kupeleka mashua mara moja baharini, yampasa azibe matundu yote kama yule apelekaye kila siku. Uchache wa kazi ni sababu ya kutafuta ada ndogo, si sababu ya kunyamaza. Na njia ya ada ndogo imekwisha patikana katika miji mingine: mjini London iko kampuni iitwayo Zego, iliyoundwa mwaka 2016, ambayo iliwauzia wapeleka vyakula bima ya saa kwa saa, mtu akalipa kwa zile saa alizofanya kazi.

NNE: KAMPUNI YENYE KUNUFAIKA

Makosa ya dereva yamekwisha elezwa. Lakini mwenye kuishia hapo amewafuata wengi ambao humkemea mdogo wakamwachia mkubwa. Katika kanuni kubwa za fiqhi iko hii, nayo asili yake ni katika Hadithi: faida huandamana na dhamana. Maana yake, mwenye kula matunda ya kitu ndiye mwenye kuchukua khasara yake. Wala haifai mtu akawa ni mshirika katika faida na mgeni katika khasara.

Basi na itazamwe saa ya kungoja kwa mizani hii. Dereva amekaa garini, programu imewashwa, hana abiria. Je, kampuni hunufaika na kukaa kwake? Bila shaka hunufaika. Mtu afunguaye simu yake huona magari yako karibu, naye hupata gari kwa dakika chache. Na wepesi huo ndio bidhaa ambayo kampuni huiuza. Lau madereva wote wangezima programu zao mpaka waitwe, hapangekuwa na cha kuwaitia. Kungoja kwao ni sehemu ya biashara, kama vile kukaa kwa bidhaa katika duka ni sehemu ya uuzaji.

Lakini saa hiyo hiyo hubadilika sura kila inapotazamwa na mwenye kulipa. Mwezi wa Novemba 2020 watu wa California walipiga kura wakapitisha sheria inayoitwa Proposition 22, na mahakama kuu ya jimbo hilo ikaithibitisha mwezi wa Julai 2024. Kwa sheria hiyo dereva hahesabiwi kuwa ni mwajiriwa, na kima cha chini cha ujira alichodhaminiwa huhesabiwa tangu akubalipo wito mpaka amalizapo safari. Saa ya kungoja haimo. Walakini sheria ile ile humpa dereva bima ya kuumia kazini wakati wote programu inapokuwa imewashwa, hatta akiwa anangoja. Na ile sheria ya kwanza, iliyoanza mwaka 2015, humtoa katika bima ya nyumbani kwa sababu anangoja. Basi saa moja imekuwa ni kazi mbele ya kampuni ya bima ya nyumbani, na ni kazi mbele ya tabibu, na si kazi mbele ya mwenye kulipa ujira.

Huko Uingereza mahakama kuu kabisa ilitoa hukumu tarehe 19 Februari 2021 ya kuwa dereva wa Uber yumo kazini tangu afunguapo programu katika eneo aliloruhusiwa, hali yuko tayari kukubali safari. Mahakimu wale si wanazuoni wa fiqhi, lakini neno lao limekaribiana na neno la mafakihi, ambao hupambanua baina ya ajiri aliyejisalimisha kwa muda na ajiri wa kazi maalumu. Yule wa kwanza hustahiki ujira wake kwa kujisalimisha, hatta kama tajiri wake hakumpa la kufanya. Wa pili hastahiki ila kwa kazi aliyoitimiza. Baada ya hukumu ile, mwezi wa Machi 2021, kampuni ikatangaza kulipa kima cha chini, lakini ikahesabu tangu kukubali safari. Saa ya kungoja ikabaki nje ya mlango.

Huenda mtu akaitetea kampuni, akasema: dereva huyu si kama mtumishi wa dukani. Yuko huru kukataa wito, na kuzima programu apendapo, na kuwasha programu ya kampuni mbili kwa pamoja. Basi vipi alipwe na wote wawili kwa saa moja? Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Jawabu yake ni kwamba kitu kikiwa ni cha washirika, hugawanywa, hakitupwi. Desturi ya majahazi inajulikana na watu wa pwani: gharama za safari hutolewa kwanza katika mapato, kisha kilichobaki kikagawanywa mafungu, fungu la chombo na mafungu ya mabaharia. Chombo kikikaa bandarini kikingoja shehena, chakula cha siku hizo huingia katika gharama za wote. Hapana mwenye chombo aliyesema: siku za kungoja si za safari, kila baharia na ajitafutie. Basi na dhamana ya saa ya kungoja yafaa itolewe katika mapato ya kazi kabla ya kugawanywa, ili kila mwenye fungu awe ameichangia kwa kadiri ya fungu lake.

Na jambo hili lina nguvu zaidi katika miji ambayo kampuni huchukua sehemu kubwa ya ujira. Kenya iliweka kanuni mwaka 2022 ya kuwa kampuni za namna hii zisichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Kuweka mpaka wa faida ni kwema. Lakini mpaka wa faida bila ya mpaka wa dhamana ni nusu ya uadilifu. Mwenye kuchukua fungu katika kila safari, kisha akamwachia dereva peke yake kununua bima ya ujira, ameshiriki katika nauli na hakushiriki katika khatari.

TANO: MWENYE GARI NA ABIRIA

Katika miji ya pwani wako watu wenye magari ambao hawaendeshi wenyewe, bali humpa kijana gari, naye huwaletea hesabu kila siku au kila juma. Mwenye gari wa namna hii hasemi uwongo kwa ulimi wake, wala hashiki usukani. Huenda akadhani ya kuwa yuko mbali na masuala haya. Hayuko mbali. Hati ya bima ina jina lake, na hesabu huingia mfukoni mwake. Akijua ya kuwa gari linachukua abiria, na hati ni ya nyumbani, yeye ndiye mwenye kuficha, na kijana ni chombo chake. Na kijana akigonga mtu, huenda akafungwa yeye, na mwenye gari akalala kwake. Jambo hili likiwa laruhusiwa na desturi, haliruhusiwi na insafu.

Ama abiria, haki yake ni kuuliza, na wajibu wake ni kutopenda urahisi wa nauli kuliko haki. Nauli iliyo rahisi mno wakati mwingine ni rahisi kwa kuwa ndani yake hamna dhamana yake mwenyewe.

SITA: BIMA HAIONDOI DHIMA

Yafaa vilevile lielezwe jambo ambalo wenye bima kamili hulisahau. Mtu akiua kwa makosa, Sharia imeweka juu yake mambo mawili: diya kwa warithi wa aliyeuawa, na kafara baina yake na Mola wake, nayo ni kuacha huru mtumwa, na asiyepata ni kufunga miezi miwili mfululizo. Diya Sharia haikumtwika muuaji peke yake. Iliwatwika jamaa zake wa upande wa baba, ambao huitwa akila, wakaichanga kwa kadiri ya wasaa wao. Hapo pana mafunzo makubwa: wazo la watu kuchangiana khasara ya mmoja wao si geni kwa Waislamu, wala halikuletwa na merikebu za Wazungu. Na kwa asili hiyo wanazuoni wa zama hizi wakaifungua njia ya bima ya kusaidiana. Sudan ilianzisha kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, na Kenya ikawa na kampuni ya takafuli tangu mwaka 2011.

Lakini kafara haichangwi. Hapana kampuni iwezayo kufunga siku moja kwa niaba ya dereva. Basi mwenye bima nzuri asiendeshe kwa kiburi akasema, nikigonga italipwa. Kinacholipwa ni mali.

SABA: LIPASALO KUFANYWA

Mwenye kutaka kusalimika katika kazi hii, njia yake si ngumu kuijua. Kwanza, amwendee mwenye bima wake kabla ya kuwasha programu, amwambie kwa maandishi ya kuwa gari litachukua abiria au mizigo kwa ujira, na aichukue jawabu kwa maandishi. Pili, aisome hati yake, au asomewe na mtu mwaminifu, atazame mlango wa matumizi ya gari. Maneno yaliyo humo ndiyo yatakayosimama mbele ya hakimu, si maneno ya wakala aliyeuza. Tatu, aiulize kampuni ya programu: nikiwa nangoja, mwanidhamini nini? Nikiwa nimekubali wito, nini? Nikiwa na abiria, nini? Akipata jawabu mbili na ya tatu ikakosekana, ajue ya kuwa nafasi tupu iko hapo, aizibe kwa bima yake kabla ya kutoka. Nne, akiona ada ya bima ya ujira yamshinda, na aungane na wenzake. Madereva ishirini waliokwenda pamoja kwa mwenye bima husikizwa kuliko mmoja, na wakiweza kuchangiana kwa njia ya takafuli ni bora zaidi. Tano, asipopata njia yoyote, na aiache kazi hiyo mpaka apate, ajitafutie nyingine. Riziki haikufungiwa katika mlango mmoja.

Na wenye mamlaka, na wenye kampuni, na wazee wa mitaa ambao madereva huwasikiza, wajibu wao ni kulizungumza jambo hili kabla ya msiba wala si baada yake. San Francisco watu walijua ya kuwa saa ya kungoja ilikuwa haina mwenyewe. Walijua, wakaacha, kwani kila siku iliyopita salama iliwafanya wadhani ya kuwa kesho nayo ni salama. Mtu wa njiani hana kikao cha kusema haki yake, kwa kuwa bado hajagongwa, wala hajijui kuwa ndiye. Basi yapasa wengine wamsemee.

Mwenyezi Mungu atupe sote riziki ya halali na ukweli katika kuitafuta, na awahifadhi waendao kwa miguu na waendao kwa magari. Naye ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyo sawa.